Misafara iliyopita Ugogo ililishwa na uwele wa wenyeji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu wapelelezi wa karne ya 19 waliopita katika nyanda hizi za kati wakielekea Unyanyembe (karibu na Tabora ya leo) na Ujiji. Makala ilikuwa na mengi mazuri, lakini aya zilizohusu chakula cha safarini zimenisikitisha. Mwandishi alieleza kwamba wasafiri hao waliishi kwa biskuti na vyakula vya makopo walivyotoka navyo Ulaya, pamoja na nyama ya wanyama waliowapiga risasi njiani. Mimi ninafundisha historia katika shule ya sekondari wilayani Mpwapwa, mahali ambapo misafara mingi mikubwa ilitua kupumzika kabla ya kuingia Ugogo, na wanafunzi wangu huja darasani wakiwa na imani hiyo hiyo. Imani hiyo inawafuta katika historia wakulima, wafugaji, watwangaji na wapishi ambao bila wao hakuna hata mmoja kati ya wapelelezi hao ambaye angefika ziwani.

Hesabu yenyewe inaikataa hoja ya makopo. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta David Livingstone, alikuwa na watu wapatao 190, wengi wao wakiwa wapagazi. Posho ya kawaida ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani takriban gramu 700. Kwa watu 190, hiyo ni zaidi ya kilo 130 kila siku inayopambazuka, na karibu tani 4 kwa mwezi mmoja. Mpagazi alibeba mzigo usiozidi ratili 70, ambazo ni kama kilo 32, kwa hiyo chakula cha mwezi mmoja tu kingehitaji wapagazi 125 wasiobeba kitu kingine chochote, na hao nao wangetaka kula. Safari ya kutoka pwani hadi Unyanyembe ilimchukua miezi 3. Msafara wa namna hiyo usingeweza kubeba chakula chake hata kama mkuu wake angekuwa tajiri kiasi gani. Chai, sukari na makopo machache yaliyokuwamo katika mizigo yalikuwa ya meza ya Wazungu wawili watatu, na hata wao hawakudumu navyo muda mrefu.

Mizigo iliyobebwa ilikuwa vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga wa rangi mbalimbali na masango, yaani nyaya za shaba. Hiyo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Kitambaa kilipimwa kwa shuka na doti, kikakatwa na kugawiwa kwa makundi ya wapagazi, nao wakaenda vijijini kununua nafaka, karanga, kunde, maboga, na siku ya bahati mbuzi au kibuyu cha maziwa. Mtu akiisoma orodha ya mizigo ya Stanley, au ya Richard Burton na John Speke waliopita njia hii mwaka 1857, anaweza kudhani kwamba anasoma orodha ya duka la nguo. Ukweli ni kwamba anasoma orodha ya chakula ambacho kilikuwa bado kiko shambani na katika ghala za watu wasiotajwa majina.

Hapo ndipo Ugogo inapokuwa na uzito wake. Msafiri aliyetoka pwani alipita Usagara, akafika Mpwapwa, akateremka Chunyo kwenye maji yenye chumvi, na mbele yake kukawa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya karibu kilomita 50. Mtindo wa kuivuka ulikuwa wa kupika mapema, kula, kujaza vibuyu maji, kuondoka mchana, kulala porini bila kisima, na kuimaliza nyika siku ya pili. Upande wa magharibi, baada ya Ugogo, kulikuwa na Mgunda Mkali, pori jingine kubwa lenye vijiji vichache. Maana yake ni kwamba msafara uliingia Ugogo ukiwa umechoka na una njaa, na ulipaswa kutoka Ugogo ukiwa umeshiba na umejaza mifuko ya nafaka ya kuvukia pori la pili. Hapakuwa na mahali pengine pa kununulia kati ya mapori hayo mawili.

Na kilichonunuliwa hasa kilikuwa uwele na mtama. Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, ambayo kwa kawaida ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka na mara nyingi hukatika katikati ya msimu. Uwele huvumilia ukame wa namna hiyo kuliko karibu nafaka yoyote tunayoijua. Punje zake zikikaushwa vizuri na kuhifadhiwa katika vilindo vya magome ya miti ndani ya tembe, hukaa muda mrefu bila kuharibika. Unga wake, kinyume chake, una mafuta mengi na haukawii kuwa mchungu, kwa hiyo mtu mwenye akili hasagi uwele wa mwezi mzima kwa mara moja. Jambo hilo dogo linaeleza mengi kuhusu maisha ya kambini. Nafaka ilibebwa ikiwa punje, na kila jioni, baada ya mwendo wa saa nyingi juani, ilibidi itwangwe kwenye kinu, ipepetwe kwa ungo, isagwe kwa jiwe, ndipo sufuria au chungu kiinjikwe juu ya mafiga na ugali usongwe. Wanawake waliofuatana na wapagazi walifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na wengi wao walikuwa wametembea njia ile ile wakiwa na mizigo yao kichwani. Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu kilo moja ya uwele waitwange na kuisaga kwa mkono mpaka iwe unga wa kusonga, na hakuna aliyeuliza tena kwa nini misafara ilihitaji wanawake.

Kitoweo nacho kilitoka hapa hapa. Majani ya mlenda ambayo kina mama wa Kigogo huyakausha na kuyatwanga yanaweza kuwekwa kwa miezi mingi, yakapikwa kwa magadi kidogo na karanga zilizopondwa, na mtu akapata mboga kamili mahali pasipo na kitu kibichi hata kimoja. Ubuyu na ukwaju vilikuwa porini. Asali ilipatikana kwa Wakimbu na Wanyamwezi, ambao ni wafugaji wa nyuki tangu zamani. Chumvi ilitengenezwa Ugogo kwenyewe na kuuzwa hadi Unyamwezi.

Ushahidi ulionigusa zaidi umo katika maandishi ya Stanley mwenyewe, kwa sababu aliingia Ugogo kutoka pwani mara mbili, katika majira tofauti ya mwaka. Mara ya kwanza aliingia mwishoni mwa Mei 1871. Alipofika Mvumi, ambayo leo iko katika Wilaya ya Chamwino, watu walimletea maziwa mabichi na ya mgando, asali, samli, mtama, uwele, mahindi, maharage, karanga, maboga, matikiti na matango, wakabadilishana naye kwa merikani, kaniki na ushanga. Aliandika kwa furaha ya mtu aliyetoka jangwani akakuta soko. Mara ya pili aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 akiwa na watu zaidi ya 350, na sikukuu ya Krismasi ikamkuta Ugogo, mvua ikinyesha juu ya hema, watu wake wakiwa kwenye nusu posho. Katika barua aliyoiandika wakati huo alieleza kwamba hajaonja nyama kwa siku 10, anakula wali wa kuchemsha kwa chai na kahawa, na kwamba alikuwa na uzito wa ratili 180 alipoondoka Zanzibar lakini katika siku 38 ameshuka hadi ratili 134, yaani amepungua karibu kilo 21. Akaongeza kwamba muda si mrefu atalazimika kula uji wa wenyeji kama watu wake.

Sentensi hiyo ya mwisho huwa naisoma darasani na kuiacha ikae. Chakula kilichokuwa kikiwabeba watu 350 kwa miguu, na mizigo yake yote, yeye alikihesabu kuwa ndilo shimo la mwisho la kutumbukia.

Sababu ya tofauti kati ya safari hizo mbili inajulikana kwa mkulima yeyote wa Kongwa, Bahi au Manyoni, ingawa katika vitabu vingi inafunikwa na maneno kuhusu ukali wa watemi na ugumu wa nchi. Mei na Juni ni wakati wa mavuno. Desemba ni wakati wa kupanda, na nafaka iliyobaki ndani ya kilindo ni ya kuivusha familia mpaka mboga za kwanza za mvua zichipue, kisha maboga na matango, kisha mavuno yenyewe. Mtu anayemuuzia mgeni nafaka mwezi Desemba anauza chakula cha watoto wake cha Februari. Wagogo waliokataa kuuza, au waliopandisha bei, walikuwa wanafanya hesabu ambayo hata leo kaya nyingi za mkoa huu huifanya kila mwaka.

Msafara huo wa pili ulipogeukia kaskazini-magharibi na kuingia katika pori la Uveriveri, Januari 1875, mambo yakawa mabaya zaidi. Njia ilipotea, baadhi ya watu wakafa kwa njaa na uchovu, na nyama ya watoto wawili wa simba waliokutwa pangoni ikaletwa kambini kuwa chakula. Ndipo Stanley alipomwaga vitu vilivyokuwa katika sanduku lake la bati, akalijaza maji, akatia ratili 10 za unga wa oti na makopo manne ya unga wa dengu ulioitwa Revalenta Arabica, akapika uji mwepesi wa kuwagawia watu zaidi ya 200. Makopo ya Ulaya, basi, yalikuwa na siku yao moja ya kuokoa maisha, na sitaki kuyanyima sifa hiyo. Lakini yaliwatosha kwa mlo mmoja tu. Kilichowatoa porini kilikuwa nafaka iliyonunuliwa Suna, katika nchi ya Wanyaturu ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Singida, na watu wenye nguvu waliotumwa kuileta walirudi nayo mabegani kabla ya wenzao kuzimia kabisa.

Jambo hili si la nchi yetu peke yake. Katika nyanda za Amerika ya Kaskazini, Wacree na jamii nyingine walikausha nyama ya nyati wa kule, wakaitwanga, wakaichanganya na mafuta yaliyoyeyushwa na wakati mwingine matunda ya porini, na chakula hicho kiitwacho pemikani ndicho kilichomwezesha Alexander Mackenzie kuvuka bara hadi Bahari ya Pasifiki mwaka 1793. Australia walipata somo chungu zaidi. Robert Burke na William Wills, walioondoka Melbourne mwaka 1860 wakiwa na ngamia na shehena kubwa ya vyakula, waliishia kando ya kijito cha Cooper mwaka 1861 wakiwa na njaa, wakala vibumba vigumu, mfano wa mbegu, vya mmea uitwao nardoo ambao wenyeji wa kabila la Yandruwandha waliutumia kama unga. Wenyeji walijua namna ya kuutengeneza ili kuondoa madhara yake, kama sisi tunavyojua kwamba muhogo mchungu hauliwi bila kulowekwa na kukaushwa. Wageni waliuandaa kwa njia yao, na maelezo ya kisayansi yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kimeng'enya kilichomo ndani yake kiliharibu vitamini B1 mwilini mwao, hivyo wakawa wanakula kila siku na kudhoofika kila siku. Wote wawili walikufa. Mwenzao John King alinusurika kwa sababu aliishi na Wayandruwandha na kula walichokula wao kwa namna walivyokipika wao.

Livingstone naye alilishwa hivyo hivyo. Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871, mzee huyo alikuwa amedhoofika na meno yake yameharibiwa na vyakula vigumu vya safarini. Jikoni kwake alikuwamo mpishi aliyeitwa Halima, aliyehangaika kumwandalia mikate laini ya unga wa mtama kwa sababu hakuweza tena kutafuna vyakula vigumu. Wanafunzi wote wa Tanzania wanalijua jina la Livingstone. Wachache wanamjua Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton, Speke na Stanley. Halima sijamwona katika mtihani wowote.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba biashara hii ilikuwa ya heri tupu kwa wenyeji. Misafara iliyokuwa na bunduki nyingi mara nyingine ilichukua chakula bila kulipa, na barabara hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, ambao nao waliishi kwa nafaka ya vijiji vya njiani, kwa kipimo kidogo kuliko cha wote. Ndiyo maana sikubaliani na vitabu vinavyoieleza hongo ya watemi wa Kigogo, yaani ushuru wa kupita katika nchi yao, kana kwamba ilikuwa unyang'anyi mtupu. Kisima cha Ugogo wakati wa kiangazi kinahesabiwa kwa ndoo. Watu mia mbili na punda wao wakifika jioni moja na kunywa, ng'ombe wa kijiji wanaweza kukosa maji kesho yake. Mtemi aliyetaka doti kadhaa za kitambaa kabla ya kufungua kisima na soko alikuwa anatoza gharama halali ya nchi kame, na baada ya kulipwa watu wake walileta chakula.

Nchi iliyozoea kulisha wapitao hulipa pale wapitao wanapokuwa wengi kupita kiasi. Ugonjwa wa sotoka ulipoangamiza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wagogo walipoteza akiba waliyoitegemea wakati mvua zilipokosekana. Kisha, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo kutoka Dodoma, na mvua zilipokosekana ikafuata njaa ya Mtunya, ambayo jina lake halijasahauliwa na Wagogo hadi leo. Ukiiangalia historia ya chakula katika barabara hii, unaona kwamba mpagazi wa mwaka 1871 na askari wa mwaka 1916 walikula kutoka ghala moja.

Ninaandika haya sasa kwa sababu maalumu. Tangu mwaka 2006 nchi yetu imeiweka Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Siku maeneo haya yatakapowekewa maelezo na vielelezo kamili kwa wageni, itakuwa rahisi sana kuandika ukutani majina ya Burton, Speke, Cameron na Stanley, na tarehe walizopita, kisha kazi ikahesabika imekwisha. Ninawaomba wote watakaohusika, walimu wenzangu wakiwemo, waweke pia kibaba cha uwele, kinu na mchi, jiwe la kusagia, kilindo na kibuyu cha maji, na waeleze kando yake hesabu ya kilo 130 kwa siku. Mtoto wa darasa la 6 ataielewa hesabu hiyo haraka kuliko ramani ya maziwa makuu. Viwanja vya Nanenane vya Nzuguni navyo vinafaa, kwa kuwa kila Agosti uwele na mtama huonyeshwa pale kama mazao ya kustahimili ukame, na ni mara chache mgeni hueleweshwa kwamba mazao hayo yaliwahi kuendesha usafiri wote wa kati ya pwani na maziwa.

Kwenu wahariri, ombi langu ni masahihisho ya aya zile mbili kuhusu makopo na biskuti, na ikiwezekana makala ya pili. Mkimtuma mwandishi, tafadhali aje mwezi Juni na si Desemba. Apite Chunyo, aonje maji ya chumvi, avuke Marenga Mkali kwa gari kwa muda mfupi mahali ambapo wapagazi walitumia siku nzima na usiku, kisha aende Mvumi wakati masuke yanakatwa na kina mama wako uwanjani wanapura. Awaulize uwele wa mwaka huu utafika mwezi gani, na waliuza kiasi gani, kwa nani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia,
Mpwapwa, Dodoma